Kompyuta ya mezani ya mtumba: nini uongeze, nini uache na pa kuanzia

Mama mdogo anafundisha tuisheni nyumbani kwake Mbagala. Siku moja alinipigia simu saa mbili asubuhi, wanafunzi wameshakaa kwenye mikeka wanasubiri mtihani uchapwe. "Mwanangu, njoo uichukue CPU yako. Naiwasha, nachemsha chai, nakunywa, namaliza, yenyewe bado inazunguka."

Mashine yenyewe ni Dell OptiPlex 9020, kasha la wima, prosesa i5-4590 ya mwaka 2014, RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ya GB 4 na diski ya kuzunguka ya GB 500. Nilipofika nilipima kwa saa ya simu: dakika nne na ushee tangu kubonyeza kitufe hadi Word kufunguka. Mdogo wangu, kitinda mimba wa nyumba ile, alikuwa ameshamshauri mama yake anunue prosesa ya i7. Nikamwambia aweke kwanza hiyo hela. Nilifunga SSD, yaani diski isiyozunguka, ya GB 240, nikaongeza kijiti kimoja cha RAM cha GB 4 kilichokuwa kimelala kabatini kwangu, na Word ikawa inafunguka kabla mwalimu hajavaa miwani.

Ushauri wa i7 haukuwa wa kijinga, ila ulikosea fungu. Mimi vipuri vya kompyuta huvigawa mafungu mawili. Kuna vinavyohama: SSD, UPS (boksi la betri linaloshikilia umeme ukikatika), monita, kibodi, na kadi ya grafiki. Hivi utaving'oa kwenye mashine hii na kuvipachika kwenye ijayo. Halafu kuna vinavyozikwa na bodi: prosesa, RAM za aina ya zamani, na mara nyingi pawasaplai, kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya mashine. Ukiwa na kompyuta ya mtumba, fedha nyingi ipeleke fungu la kwanza. Fungu la pili lipe kile tu ambacho hakiepukiki.

Tukubaliane majina kidogo. Mtaani "CPU" ni boksi zima. Humu nitaliita kasha, na ile chipu inayofanya hesabu nitaiita prosesa, kama mafundi wanavyoiita. Bodi ni ule ubao mkubwa ambao kila kitu kimechomekwa juu yake.

Jua kwanza kinachoikwamisha

Kabla ya kwenda Kariakoo ya Dar au Luthuli Avenue ya Nairobi, washa mashine, fungua zile programu unazotumia kila siku zote kwa pamoja, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa mkupuo. Dirisha la Task Manager litafunguka. Nenda ukurasa wa Performance, ukae uutazame kwa dakika tano.

Kwa mama mdogo diski ilikuwa imeganda kwenye asilimia 100 huku prosesa ikicheza kati ya 10 na 15. Maana yake prosesa haina kazi, inasubiri diski. Ungempa hata prosesa ya mwaka huu, ingesubiri vilevile. Kumbukumbu nayo ilikuwa asilimia 91, na hapo ndipo tatizo linapojizidisha: RAM ikijaa, Windows huanza kutumia kipande cha diski kama RAM, na diski iliyolemewa inaongezewa mzigo.

Ukiona prosesa ndiyo imekaa kwenye 100 muda wote, usikimbilie kununua. Angalia kwanza ni programu gani inaila, maana virusi na sasisho lililokwama hufanya hivyo. Angalia pia joto. Prosesa iliyofunikwa na vumbi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue.

Ukurasa huohuo unakuonyesha kama diski ni HDD (ya kuzunguka) au SSD, na sloti ngapi za RAM zimetumika. Ukitaka undani zaidi, programu ya bure ya CPU-Z itakutajia prosesa, jina la bodi na aina ya RAM, na CrystalDiskInfo itakuambia diski imeshafanya kazi saa ngapi na kama imeanza kuoza. CrystalDiskInfo ikiandika Caution kwa rangi ya njano, acha kusoma hapa, nenda kanakili mafaili yako kwanza.

Andika kwenye karatasi namba ya prosesa. Kwa Intel, tarakimu moja au mbili za mwanzo baada ya kistari ndizo zinazotaja kizazi: i5-4590 ni kizazi cha 4, i5-8500 ni cha 8, i3-12100 ni cha 12. Watu wengi husoma "i7" wakaishia hapo. i7-2600 ilitoka 2011, i3-12100 ikatoka 2022. Zote zina viini vinne (sehemu zinazofanya hesabu) na nyuzi nane (kazi zinazoshughulikiwa kwa mara moja), lakini ile i3 inaiacha i7 mbali sana, na umeme inakula kidogo. Muuzaji akikuambia "hii ni i7" bila kutaja namba, muulize namba.

Suala la Windows, kabla hujatoa hata shilingi

Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha 8 au AMD Ryzen ya mfululizo wa 2000 kwenda juu, chipu ya usalama ya TPM 2.0, Secure Boot (ulinzi wakati wa kuwaka), RAM isiyopungua GB 4 na diski isiyopungua GB 64. Mashine ya mama mdogo haifiki hapo, na hakuna kipuri cha kuifikisha. Bodi yake haipokei prosesa ya kizazi cha 8.

Kuna njia za kulazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine za zamani. Zipo na zinafanya kazi, lakini Microsoft hawaahidi kwamba sasisho la kesho litaingia. Kwa mtu ambaye kompyuta yake inapokea flashi za wanafunzi ishirini kwa wiki, sipendi kubahatisha. Watumiaji wa nyumbani waliruhusiwa kujiandikisha kupata masasisho ya usalama ya Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026, nami nikamwandikisha. Njia nyingine ni Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, ambao kwenye mashine ya kizazi cha 4 yenye SSD unakwenda vizuri mno. Kama kazi yako ni mtandao, kuandika na kuchapa, huna cha kukosa zaidi ya mazoea.

Kwa hiyo mashine ya kizazi cha 7 kushuka chini ina tarehe yake ya kustaafu, na ndiyo maana sikutaka hela ya mwalimu iingie kwenye i7 ya kizazi cha 4. Ungekuwa msiba wa kulipia.

SSD: anza hapa

Diski ya kuzunguka ina sahani za chuma na kisoma chembamba kinachoruka huku na huko juu yake. Faili moja kubwa inaweza kuisoma kwa MB 100 hadi 150 kwa sekunde, si haba. Lakini Windows ikiwaka haisomi faili moja kubwa, inasoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika, na kisoma kinaweza kuruka mara mia moja hivi tu kwa sekunde. SSD haina cha kuruka. Ya SATA, yaani inayotumia njia ileile ya diski za zamani, inasoma zaidi ya MB 500 kwa sekunde, na vile vipande vidogo inaviokota kwa makumi ya maelfu. Tofauti unayoihisi kwenye kiti inatoka hapo.

Chagua aina kulingana na bodi. Kizazi cha 4 kurudi nyuma, nunua SSD ya SATA ya inchi 2.5, ile inayofanana na kijitabu chembamba. Bodi nyingi za wakati ule hazina sehemu ya M.2, ile sloti ya kulazia SSD ya umbo la kadi, na hata ukiweka NVMe (SSD ya njia mpya yenye kasi zaidi) kwa adapta haziwezi kuwakia humo. Kuanzia kizazi cha 6 utakuta M.2 kwenye mashine nyingi, na hapo angalia meno. Kadi yenye pengo moja kwa kawaida ni NVMe, yenye mapengo mawili mara nyingi ni SATA iliyovaa umbo la M.2. Umbo ni moja, kasi mbalimbali, na bodi nyingine hupokea aina moja tu. Kuna pia tundu fupi la M.2 la kadi ya Wi-Fi. Usilazimishe SSD humo.

Ukubwa: GB 240 zinatosha kwa kuandika na mtandao, 480 au 500 kama una picha na video. Usinunue 120 kwa ajili ya Windows, itakusumbua ndani ya mwaka. Na ukiona SSD isiyo na jina inayodai TB 2 kwa bei ya GB 240, ujue ndani mna kadi ndogo ya kumbukumbu iliyodanganywa iseme ni kubwa. Programu ya H2testw huijaza diski yote kisha ikaisoma tena. Uongo wa ukubwa hauponi hapo.

Sasa kazi yenyewe. Hivi ndivyo ninavyofanya mimi.

1. Nakili mafaili yako nje kwanza. Watu hukumbuka Documents, wakasahau kwamba kazi yao yote iko Desktop na Downloads. Kwa mama mdogo, mitihani ya miaka minne ilikuwa imelundikana Desktop hadi ikoni zimepandana.

2. Amua: kuhamisha au kusimika upya. Kuhamisha kwa Clonezilla ni bure, ila kwa kawaida inataka diski mpya iwe sawa au kubwa kuliko ya zamani, hivyo GB 500 kwenda 240 itagoma hata kama umetumia GB 60 tu. Programu za kuhamisha zinazotolewa na baadhi ya watengenezaji wa SSD hazina ugumu huo. Mimi napenda kusimika upya, kwa sababu mashine ya mtumba huwa imebeba takataka za wenye nayo wa kwanza. Kama Windows ilikuwa imeshahalalishwa kwenye bodi hiyo, ukisimika toleo lilelile itajitambua ikipata intaneti.

3. Zima, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde tano ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa chochote ndani. Usivue viatu ukakaa kwenye zulia.

4. Chomeka SSD kwa nyaya mbili, ule mwembamba wa data unaokwenda kwenye bodi na ule mpana wa umeme unaotoka kwenye pawasaplai. Zote zina umbo la herufi L, haziingii kinyume. Kama hakuna kishikio cha inchi 2.5, gundi ya pande mbili inatosha. SSD haitikisiki wala haijali imelala upande gani.

5. Ile diski ya zamani ichomoe kabisa wakati wa kusimika. Hii watu huipuuza. Ukiiacha, Windows inaweza kuweka kile kipande cha kuwashia kwenye diski ya zamani na mwili wake kwenye SSD, halafu siku ukiiondoa ya zamani, mashine haiwaki.

6. Chomeka flashi yenye Windows au Linux, washa, na ubonyeze F12 kwa Dell na Lenovo au F9 kwa HP ili uchague pa kuwakia. Flashi ikijitokeza mara mbili, chagua iliyoandikwa UEFI.

Na tahadhari moja kwa walioamua kuhamisha: kwenye BIOS (mipangilio ya bodi inayofunguka kabla ya Windows) kuna mpangilio wa SATA unaosoma AHCI au RAID. Dell nyingi huja zikiwa kwenye RAID. Uache ulivyo. Ukiubadilisha kiholela, Windows iliyohamishwa itakupa skrini ya bluu, nawe utaanza kuilaumu SSD.

RAM: tosheka mapema

GB 8 ndicho kiwango cha chini cha kuishi kwa amani leo, na 16 ni raha kwa anayefungua kurasa thelathini za kivinjari na hazifungi. Zaidi ya hapo ni kwa wahariri wa video na wenye kazi nzito.

Aina haichanganywi. DDR3, DDR4 na DDR5 zina pengo la kukatia mahali tofauti, hivyo hazibadilishani hata ukisukuma. Kizazi cha 4 kurudi nyuma ni DDR3. Cha 8 na 9 kwenye mashine za ofisi ni DDR4. Cha 12 hadi 14 ni DDR4 au DDR5, kutegemea bodi.

Mitego iko kwenye bei ya kutupa. Wa kwanza ni RAM za seva, ambazo mtumba wake ni mwingi na rahisi. Zinaingia kwenye sloti vizuri kabisa, kisha mashine haiwaki. Ukisoma kwenye stika herufi R baada ya namba ya kasi, kama PC3-12800R, hiyo si yako. Yako inaandikwa U. Wa pili ni vijiti vya DDR3 vya GB 8 vilivyotengenezwa kwa ajili ya bodi za AMD peke yake. Kwenye Intel ya mama mdogo visingefanya kitu. Mimi vilinikuta kwenye mashine yangu mwenyewe. Duka lilinirudishia nusu ya hela na nikashukuru.

Viwili vinavyofanana ni bora kuliko kimoja kikubwa, kwa sababu bodi husoma vyote kwa pamoja. Viweke kwenye sloti za rangi moja, au zenye vishikio vya rangi moja. Sukuma ncha zote mbili hadi usikie vishikio vikilia "ta". Watu wanaogopa kusukuma. Nusu ya simu ninazopigiwa za "nimeongeza RAM imegoma kuwaka" dawa yake ni kutoa kijiti, kusugua meno yake ya dhahabu kwa raba ya penseli, na kukirudisha kwa nguvu ya kiume. Mashine ikilia milio au taa ya kitufe ikimweka rangi ya chungwa, hiyo ni lugha yake. Hesabu milio, kisha tafuta maana kwenye mwongozo wa modeli yako. Ikishawaka, iache usiku mmoja na MemTest86, programu ya kupima RAM. Kosa moja tu likitokea, rudisha kijiti dukani.

Jambo jipya la kuzingatia: tangu mwishoni mwa 2025 RAM mpya za DDR4 na DDR5 zimepanda bei sana, kwa kuwa viwanda vimegeukia mahitaji ya kompyuta za akili mnemba. Kwa hiyo ukichagua kati ya mashine mbili za mtumba, yenye GB 16 tayari ndani yake inaweza kuwa rahisi kuliko yenye 8 uliyopunguziwa bei.

Umeme, ambao hakuna anayeupangia bajeti

Nimeshaona SSD nyingi zikidumu. Zilizokufa mikononi mwangu, nyingi ziliuawa na umeme kukatika na kurudi mara tatu ndani ya dakika moja. UPS ya VA 650 inabeba kompyuta ya ofisi na monita bila jasho, na inakupa dakika za kutosha kuhifadhi kazi na kuzima kistaarabu. Ninaiweka mbele ya kadi ya grafiki na prosesa kwenye orodha ya manunuzi, na ni kitu kinachohama. Betri yake ikichoka, ni ya volti 12, unabadilisha betri tu.

Printa ya leza usiichomeke kwenye UPS. Inapopasha moto ile rola yake, inavuta mamia ya wati kwa mkupuo, na UPS ndogo itapiga kelele au kuzima kila kitu. Mama mdogo alikuwa amechomeka vyote kwenye UPS ya zamani na kuamini kwamba "printa inaigombanisha kompyuta". Kwa namna fulani alikuwa sahihi.

Pawasaplai yenyewe: angalia stika. Ikisema 100–240V, iko salama. Mashine za zamani zilizotoka Marekani huwa na kiswichi chekundu mgongoni chenye 115 na 230. Kikiwa kwenye 115 na ukachomeka umeme wetu, utasikia mlipuko na kunusa moshi kabla hujatoa mkono. Kigeuze kabla ya kuchomeka.

Ukifikiria kubadilisha pawasaplai ya mashine ya ofisi, fahamu kwamba nyingi hazifuati viwango vya kawaida. OptiPlex 9020 ina plagi ya pini 8 kwenye bodi badala ya 24, na HP EliteDesk 800 G1 ina ya pini 6. Adapta zipo, lakini umbo la kasha nalo lina ya kwake. Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue kasha gani, namwambia la wima, hata kama linakula nafasi. Yale membamba yanapendeza mezani na yanakufunga mikono miaka yote.

Kadi ya grafiki, kwa mdogo wangu

Kama huchezi michezo wala huhariri video, ruka hapa. Grafiki ya ndani ya prosesa inatosha.

Mdogo wangu anataka mpira wa kwenye kompyuta. Pawasaplai ya mashine yao ni wati 290 na haina waya wa ziada wa kadi, kwa hiyo kadi lazima iishi kwa umeme wa sloti peke yake, ambao hauzidi wati 75. GTX 1050 Ti na GTX 1650 zina matoleo yasiyo na tundu la waya wa ziada. Soma picha ya tangazo, kwa sababu matoleo ya GTX 1650 yenye tundu hilo yapo pia. Kwa kasha jembamba tafuta kadi fupi ya kimo, na usome mwongozo wa mashine, maana baadhi huruhusu wati chache zaidi. GT 1030 inakula wati 30 tu, ila kuna ya GDDR5 na ya DDR4, na hiyo ya pili ni goigoi kupita kiasi ingawa boksi linafanana.

Ukishafunga kadi, waya wa monita uchomeke kwenye kadi. Unacheka, lakini nimeitwa Kigamboni, na kivuko nikavuka, kwa ajili ya waya uliobaki kwenye bodi. Mashine za ofisi nyingi hutoa DisplayPort badala ya HDMI. Adapta ya kutoka DisplayPort kwenda monita ya HDMI ni rahisi, lakini haifanyi kazi kinyume.

Prosesa

Badilisha tu kama kizazi ni kilekile ambacho bodi inakubali na umeipata kwa bei ya sahani ya chipsi. Umbo la soketi lisikudanganye. Kizazi cha 6 na 7 vina soketi ya LGA1151, na cha 8 na 9 vilevile, lakini bodi ya kundi moja haiiwashi prosesa ya kundi jingine. Ukiifungua soketi ya Intel, zile sindano ndogo ziko kwenye bodi. Kidole kimoja kikiteleza zinapinda, na bodi imekwisha.

Vumbi, pesti na betri ndogo

Kabla ya kusema mashine imezeeka, isafishe. Toa vumbi kwa brashi laini na blowa ya umeme, ukiishika feni isizunguke, kwani ikizungushwa kwa kasi hiyo beringi huumia. Hewa ya fundi wa pancha usiitumie. Ile kompresa inatema maji na mafuta kidogo, na Dar tayari ina unyevu wa kutosha. Ng'oa kipozeo cha prosesa, futa pesti iliyokauka, ile dawa ya kupitisha joto, kwa kitambaa chenye spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya mchele katikati, rudisha, na kaza skrubu kwa mshazari kidogo kidogo.

Halafu kuna betri ya CR2032, ile ya duara kama shilingi kwenye bodi. Jirani yake mama mdogo alikuwa analia kwamba kompyuta imeingiliwa: kila tovuti inamwambia si salama, hata barua pepe haifunguki. Fundi mmoja alishataka kumfutia kila kitu. Nilitazama pembeni chini ya skrini, tarehe ilikuwa ya mwaka 2013. Betri imekufa, saa inarudi nyuma kila akichomoa umeme, na kivinjari kikilinganisha tarehe hiyo na vyeti vya tovuti kinaona vyote havijaanza kutumika. Betri ya bei ya soda mbili ikamaliza kesi.

Ukiamua kununua nyingine

Leo ningemtafutia mama mdogo kasha la wima la kizazi cha 8 au 9: OptiPlex 7060, EliteDesk 800 G4, ThinkCentre M920, au ndugu zao. i5-8500 ina viini sita na Windows 11 inaikubali. SSD yake, UPS, monita na kadi ya mdogo wangu vyote vitahamia humo.

Nenda dukani na flashi ya Linux Mint mfukoni. Mwombe muuzaji aingie BIOS mbele yako, F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa Lenovo. Ikidai nenosiri, iache hapohapo. Mashine za kampuni huja zimefungwa, na ahadi ya "tutakufungulia baadaye" haijawahi kunifaa. Washa kwa flashi yako, jaribu kila tundu la USB, sauti, na tundu la waya wa mtandao. Fungua kifuniko uangalie kapasita juu ya bodi, zile kama vikopo vidogo. Vichwa vyake viwe bapa, visiwe vimevimba. Nyingi hazina Wi-Fi, hivyo pangia bajeti ya kidude cha USB, au tumia simu kwa waya wa kuchajia hadi hela ipatikane.

Diski ya zamani ya mama mdogo sikuitupa. CrystalDiskInfo ilisema bado nzima, nikaivalisha kasha la USB, na kila Ijumaa ananakili humo mitihani yake, kisha anaichomoa na kuifungia kwenye sanduku la kanga. Ile ya jirani yake ilikuwa imeanza Caution. Hiyo tuliifuta yote, tukaitoboa kwa msumari, ndipo tukampa mtu wa vyuma chakavu.